Tabora mpaka Ujiji: safari ya kupima kiu ya miti

Jumatatu, Tabora

Septemba ya Tabora haina huruma na mti. Mvua zilikatika Aprili, nyingine hazitegemewi kabla ya Novemba, na hapo katikati ni jua, upepo na vumbi. Ndiyo maana nimeuchagua mwezi huu. Machi kila bustani inapendeza, hata ya mvivu. Septemba inatoa siri za watu.

Kazi yangu ni kufunga mifumo midogo ya umwagiliaji kwenye bustani za matunda, na mara nyingi zaidi kutengeneza ile iliyofungwa na wengine. Safari hii nimeitwa na wakulima wanaojuana, kuanzia hapa hadi Kigoma, na kwenye simu wote waliuliza swali moja: mti upewe lita ngapi? Nimebeba auga ya kuchimbia udongo, futi ya utepe, chupa tupu ya nusu lita na tensiometa mbili. Tensiometa ni bomba jembamba lenye kikombe cha udongo wa kuchoma chini na geji juu. Unalijaza maji, unalizika, na udongo ukikauka unayavuta yale maji kupitia kile kikombe. Geji inasoma nguvu ya mvuto huo kwa sentibari. Namba ikipanda, ujue kiu imepanda.

Mwenyeji wa kwanza ni mwalimu mstaafu mwenye shamba upande wa Kwihara, njia ya kwenda kwenye tembe la Livingstone. Ana miembe ya kubebesha, yaani iliyounganishwa juu ya shina la mwembe mwingine, aina za Kent na Apple, yenye miaka sita. Ana kisima, pampu ya sola, na tanki juu ya mnara.

"Mwangaluka, Mwalimu."

"Mwangaluka, mwanangu. Karibu uione aibu yangu."

Aibu yenyewe ilikuwa majani. Miti imenenepa, ya kijani kibichi, imejaa machipukizi mekundu yanayong'aa, lakini maembe ni ya kuhesabu kwa vidole. Ng'ambo ya uzio kuna jirani asiye na kisima wala bomba, na miembe yake ya aina ileile ilichanua mpaka majani hayaonekani. "Mimi nalipa mkopo wa pampu, yeye anangoja kuvuna," Mwalimu alisema. "Nifafanulie hesabu hiyo."

Nikamuuliza alifunga koki lini. Hakuwahi kuifunga. Tangu mvua ziishe anafungulia saa moja kila siku, Juni, Julai, Jumapili, sikukuu.

Basi hapo ndipo penye jibu, na halikuhitaji chombo. Mwembe hauchanui kwa kushiba. Unachanua tawi likikomaa na kutulia, na kinachoutuliza huku kwetu ni vitu viwili vinavyokuja pamoja: baridi ya usiku ya Juni na Julai, inapofika nyuzi 15 hivi, na ukavu. Ukiumwagia miezi hiyo, hasa ukiongeza na mbolea ya naitrojeni, ule utulivu unavunjika na mti unatoa majani mapya badala ya maua. Maji ya Mwalimu yalikwenda kwenye majani, na pampu yake haina kosa.

Jirani naye asifurahi mapema. Nilivuka uzio kwa ruhusa, nikakuta chini ya kila mti zulia la vijiembe vya ukubwa wa gololi, vimekauka. Mti wowote wa mwembe huangusha vingi, hilo ni la kawaida. Lakini kwenye luseni, huu mchanga mwepesi wa Unyamwezi, ukavu wa Septemba unaangusha hata vile ambavyo mti ulikuwa umekusudia kuvibakiza. Mmoja alipaswa kufunga koki Mei, na mwingine angekuwa na koki angepaswa kuifungua Agosti.

Jumanne, hapohapo Kwihara

Siku nzima shambani kwa Mwalimu, kwa sababu kujua wakati hakutoshi kama mabomba yanadanganya.

Tulianza na hesabu anayoipenda yeye, ya darasani. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Jua la mwezi huu linaweza kuvuta milimita 6 hivi kwa siku. Kivuli cha mwembe wake mmoja, tukipima kwa futi, kina kipenyo cha mita 3, yaani mita za mraba 7. Saba mara sita ni 42, ukipunguza kidogo kwa kuwa mwembe si mchicha, unabaki na lita 30 na ushee kwa siku. Yeye alikuwa anatoa ngapi? Kila mti una matundu mawili ya kudondosha maji, kila moja lita 4 kwa saa, saa moja, kwa hiyo lita 8. Kwa maneno mengine, Juni alimwagilia wakati hapatakiwi, na sasa Septemba, vijiembe vichache alivyonavyo vikililia maji, anatoa robo.

Na hata hizo nane ni za kwenye karatasi. Nilikinga chupa ya nusu lita chini ya tundu la mti wa kwanza karibu na tanki: ikajaa kwa dakika saba na nusu, sawasawa na ilivyoandikwa. Tukaenda mti wa mwisho wa mstari. Dakika kumi na tano. Mti wa mwisho unapata nusu ya wa kwanza, na hakuna aliyejua, kwa sababu matone ni matone. Jicho haliwezi kutofautisha. Tulifungua ncha za mipira tukaacha maji yakimbie: yalitoka mekundu, mazito, na vipande vya ukoko. Chujio halikuwa limeoshwa tangu lifungwe. Kijana wa shamba aliahidi kulifungua kila Jumamosi. Nilimwambia Mwalimu amwandikie ukutani.

Mchana tulichimba kwa auga. Chini ya tundu, sentimita 30 za kwanza udongo unashikamana ukiuminya. Sentimita 60, unga. Tensiometa zilisema hivyohivyo asubuhi baada ya kumwagilia: ya juu 12, ya chini 70 na inaendelea kupanda. Kwenye mchanga hatungoji ipite 30 wakati tunda linakua. Zaidi ya 80 chombo chenyewe kinaingia hewa na hakisomi tena.

Tulichokubaliana: tangu sasa mpaka mavuno afungulie saa nne, alfajiri, kila siku, kwa sababu mchanga wa namna hii haubebi akiba na ukiupa maji mengi kwa mkupuo yanapita chini ya mizizi. Aongeze matundu mawili kila mti, ayatawanye mbali na shina, hapo saa zitapungua nusu. Mwakani, mvua zikiisha, afunge kabisa kwa miti mikubwa mpaka maua yatoke na vijiembe vishike. Miche aliyopanda mwaka jana isiingie kwenye mfungo huo. Mche wa mwaka mmoja tunautaka ukue, na kuunyima maji ili uchanue ni ukatili usio na faida.

Jioni kwenye kahawa nikamsimulia kuhusu wakulima wa jozi wa California, zile kokwa za bei mbaya ambazo Waingereza huziita walnut. Kule mvua ni za kipupwe, kwa hiyo miti inaamka majira ya kuchipua ikiwa juu ya udongo uliojaa maji, na bado watu walikuwa wanaanza kumwagilia mapema kwa kufuata kalenda na joto. Ken Shackel wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na wenzake waliichelewesha miti kadhaa kupewa maji mpaka yenyewe ioneshe kiu kidogo, bari 2 au 3 zaidi ya mti ulioshiba (bari moja ni sentibari 100). Ikakaa wiki nyingi bila maji, haikupungukiwa mavuno, na kufikia wakati wa kuvuna ilikuwa na kiu ndogo kuliko ile iliyonyweshwa mapema. Mizizi inayozama kwenye maji inakosa hewa, na jozi ni mti mwoga sana wa miguu iliyolowa.

"Hiyo kiu ya mti waliipimaje?"

Kwa chombo cha shinikizo, ambacho Per Scholander na wenzake walikitangaza mwaka 1965. Jani unalifunika kwa mfuko wa karatasi ya fedha dakika kumi au zaidi mpaka litulie sawa na tawi, unalikata, unalitia ndani ya chumba cha chuma huku kikonyo kimechomoza nje, kisha unasukuma hewa. Maji yakichomoza kwenye kikonyo unasoma geji. Mti wenye kiu umeyashika maji yake kwa nguvu, kwa hiyo unahitaji shinikizo kubwa kuyatoa.

Mwalimu alicheka. "Kwa hiyo jani linabanwa mpaka lilie."

Nikamwonya asiibebe habari ya jozi mzimamzima. Udongo wao ule mzito ulikuwa na akiba ya majira yote ya mvua. Luseni yake ikifika Juni haina kitu. Tunachoweza kuchukua kwao ni tabia ya kuuliza mti kwanza.

Jumatano, Urambo

Basi la asubuhi, kilomita kama 90. Urambo ni mojawapo ya maeneo ya ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga kwa matrekta, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Siku hizi ni tumbaku, na hata mama niliyekuja kumwona alianza nayo. Michungwa yake ameipanda kwenye mbuga, udongo mweusi unaofungua nyufa za kuingiza mguu.

Yeye ana ndoo, mkokoteni na watoto wa shule. Kila jioni ndoo moja kwa kila mti, pale pale shinani. Majani yana unjano, na kwenye magome ya chini gundi ya kahawia inatoka. Alidhani ni kiu, kwa hiyo akaongeza ndoo ikawa mbili.

Nilichimba. Sentimita 40 chini udongo ulifinyangika mkononi kama wa mfinyanzi, umelowa. Ile gundi ni ugonjwa wa shina unaoletwa na vimelea vinavyopenda udongo uliolowa muda wote, Phytophthora, na yeye amekuwa akivilea kila jioni. Mti unanyauka huku maji yapo, kwa sababu mizizi iliyooza hainywi.

Hapa dawa ni kinyume kabisa na ya jana. Mbuga inaweza kushika milimita 150 na zaidi kwa kila mita ya kina, mara mbili ya mchanga. Kwa hiyo maji yaje kwa wingi, kisha apumzike siku kumi mpaka kumi na nne. Tulichimba kisahani cha duara mbili kuzunguka mti mmoja: duara ya ndani ni tuta linalozuia maji yasifike shinani, ya nje iko chini ya ncha za matawi, na maji yanakaa katikati. Udongo uliorundikwa kwenye shina tuliutoa mpaka mahali pa kubebeshea pakaonekana.

"Siku kumi bila maji, mwanangu? Majirani watasema nimesusa."

Nilimwambia waseme. Atafute fimbo ya chuma ya mita moja; inapozama kwa mkono bila kushindana, asimwagilie. Watoto watashukuru.

Swali lake la mwisho lilikuwa la maana: kwa nini machungwa yake hupasuka Novemba? Ganda likikaa na kiu likakaza, halafu mvua ya kwanza ikajaza nyama ya ndani ghafla, ganda haliwezi kutanuka kwa kasi hiyo. Mzunguko usioyumba kuanzia sasa utayapunguza, ingawa mvua kubwa ya kushtukiza hainunuliki.

Alhamisi, barabarani

Kaliua, misitu ya miombo, mizinga ya asali juu ya miti, ng'ombe wengi kuliko watu. Tulivuka Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete. Mto umepungua lakini upo, na baada ya kukaa siku tatu na watu wanaohesabu ndoo, kuyaona maji mengi hivyo yakipita yenyewe kulinipa wivu. Uvinza tulisimama kwa chai. Chumvi inauzwa barabarani. Kigoma nilifika usiku. Mwisho wa reli, migebuka ya kukaanga, kulala.

Ijumaa, Kigoma vijijini

"Mwakeye, mama."

"Mwakeye, dada. Nimeambiwa wewe ndiye daktari wa maji."

Mama huyu ana michikichi ya Tenera ya miaka sita, karibu hekta moja, na hasira. Tenera ni uzao wa Dura, yenye kokwa nene, na Pisifera isiyo na gamba, nayo ndiyo TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa michikichi hapa Kigoma, wanayoizalisha, kwa sababu nyama yake ni nene na mawese ni mengi. Lakini mama anaona maua dume matupu, mikungu michache. Anaamini aliyemuuzia miche alimpiga.

Nilipasua chikichi moja kwa kisu. Gamba jembamba, na mzingo wa nyuzi nyeusi kulizunguka. Ni Tenera kweli. Miche haina hatia.

Ukitazama kileleni, majani machanga manne au matano yamesimama yamefumbana, hayajafunguka. Mchikichi wenye maji ya kutosha hufungua yanavyokuja. Wenye kiu huyaweka foleni. Hiyo ni kiu ya leo. Kuhusu maua dume nilimuuliza miaka miwili iliyopita shamba lilikuwaje.

"Mwaka juzi? Lilikuwa safi kabisa! Nilifyeka, nikachoma nyasi na makuti yote. Ardhi ilikuwa nyeupe."

Mchikichi huamua ua lake litakuwa jike au dume takriban miaka miwili kabla ya mkungu kuiva. Ukipata kiu wakati huo, unachagua dume, maana dume haligharimu. Hata lililokwisha kuwa jike linaweza kutupwa changa miezi kama kumi kabla ya mavuno kiangazi kikizidi. Kwa hiyo mama anavuna leo ule usafi wa mwaka juzi. Alinyamaza kidogo, kisha akamgeukia mumewe aliyekuwa amekaa chini ya mti: "Baba nani, si ndiyo wewe uliwasha kiberiti?" Mzee akajikuta ana kazi ya kutafuta panga.

Wakaniuliza sasa kama wakope pampu. Nikapiga hesabu mbele yao. Nafasi ya mita 9 kwa pembetatu inatoa miti 143 kwa hekta. Milimita 5 kwa siku kwa hekta ni lita 50,000. Gawanya: lita 350 kila mti, kila siku, miezi minne au mitano. Mchikichi ungependa mvua ya milimita 150 kila mwezi bila kuruka, na Kigoma haitoi hivyo. Kwa kisima chao chenye kamba na ndoo, ni ndoto, na kwa pampu ya mkopo ni ndoto yenye riba.

Mimi naishi kwa kufunga pampu, lakini hapa niliwashauri wasinunue. Makuti yanayokatwa yapangwe mistari katikati ya miti. Mikungu mitupu irudishwe kutoka kwenye kinu cha mawese, irundikwe mita moja na zaidi mbali na shina ili mchwa na panya wasipate daraja. Moto usiingie tena. Maji ya kisima yaende kwa miche ya kuziba mapengo tu, ile ya mwaka wa kwanza na wa pili. Na mama ajue kwamba akianza leo, mikungu itamjibu baada ya miaka miwili.

"Miaka miwili ni karibu," alisema. "Watoto wa sekondari ndio wako mbali."

Jumamosi, kwenye kitalu

Kitalu cha vijana, miche ya michikichi kwenye mifuko myeusi, na ya miembe pembeni. Maji wanatoa vizuri, lita moja hadi mbili kwa mche wa mchikichi kwa siku, wakigawa asubuhi na jioni. Tatizo nililolikuta ni la miembe. Imekaa mno. Nilipasua mfuko mmoja: mzizi mkuu umefika chini, umegeuka, umejizungusha mara mbili. Mti wa namna hii ukipandwa utaendelea kuzunguka palepale na kuililia koki maisha yake yote.

Niliwaambia waukate mviringo huo kwa kisu kikali siku ya kupanda, na mifuko yao iwe mirefu zaidi. Mmoja akabisha kwamba mteja hununua mche mrefu, mzizi haumwoni. Anasema kweli, na sikuwa na la kumjibu la kumwongezea kipato.

Jumapili, Ujiji

Asubuhi nilipitia kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, walipokutana mwaka 1871 chini ya mwembe. Ule mwenyewe ulishakufa. Iliyopo inaelezwa kuwa vizazi vyake. Kwangu mimi kivutio kilikuwa miembe mingine, ile mikongwe ya mitaani Ujiji isiyo na kibao wala mlinzi, ambayo haijawahi kuona bomba na bado inaangusha madodo juu ya mabati ya watu. Iliota kwa kokwa pale ilipo, mzizi mkuu haukupitia mfuko wowote, na wa mwembe unaweza kuzama mita 6. Huko chini kiangazi ni habari ya kusimuliwa.

Mchana nilishuka bonde la Luiche kwa mzee mwenye michungwa na ndizi. Yeye alitaka mipira ya matone, ameshaweka akiba ya fedha, na michungwa yake ina unjano uleule wa Urambo. Auga ilipofika sentimita 60 ikatoa sauti ya kunyonya, na shimo likaanza kujaa lenyewe. Kiangazi hiki! Mvua za Oktoba zikija maji yatapanda mpaka kwenye mizizi.

"Kwa hiyo sihitaji matone?"

"Unahitaji mitaro, mzee. Kina cha mita moja na zaidi kidogo, kila baada ya mistari miwili, ielekee kule chini kwenye mfereji. Na michungwa mipya uipandishe juu ya matuta."

Hakupenda. Mipira ya matone wageni wanaiona na kuisifu. Mtaro ni shimo tu. Tulibishana bei ya vibarua kwa mita, mwanawe akipiga hesabu kwenye simu, na ikaonekana fedha ya matone inatosha mitaro yote na inabaki ya matuta. Mzee akaomba aianze kwa mistari minne iliyo mibaya zaidi, aone. Vibarua wanaanza kesho asubuhi.